Bia Iliyosifiwa na Wote

Kama hunywi pombe, ndugu msomaji, usiiweke hadithi hii kando ukidhani haikuhusu. Watu wake walikuwa wapishi wa bia, lakini kilichowaponza si bia. Fuatana nami, utakiona chenyewe.

Kwenye baraza ya nyumba moja yenye bati la kijani, kila Jumapili alasiri, watu wanne walikuwa wakiketi kuizunguka meza iliyotandikwa gazeti. Hapakuwa na muziki wala makelele. Mmoja aliinua bilauri ndogo, akaielekeza kwenye mwanga, akaikagua rangi yake kama mtu anayekagua mafuta ya injini. Kisha akanusa, akavuta funda moja, akalizungusha mdomoni, akameza, akafumba macho. Wenzake walisubiri kimya. Mpita njia asiyewajua angedhani wanaomba dua.

Hawakuwa walevi, na ni haki yao niliseme hilo mapema. Kila mmoja alipika bia kwake mwenyewe, kwa kimea cha shayiri, maua machungu ya hopsi, maji na hamira, kisha akaleta chupa chache wenzake waonje. Bilauri zao zilikuwa ndogo kama vile vikombe vya kupimia dawa ya kikohozi. Jua lilipoanza kushuka, kila mtu alirudi kwake akiwa amenyooka, akiwaza atakachopika wiki ijayo.

Mwenye nyumba alikuwa fundi wa majokofu, na mtaa mzima ulimwita Fundi Baridi. Wa pili alikuwa kinyozi, aitwaye Wembe, kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya ulimi wake pia. Wa tatu alikuwa mstaafu wa posta, Mzee Stempu, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata Jumapili. Wa nne, ambaye ndiye tutakayemfuata, alikuwa mwokaji mikate. Mke wa Fundi Baridi alikuwa dada yake wa tumbo moja.

Mwokaji alikuwa ameishi na hamira tangu ujana wake. Aliweza kunusa donge la unga akajua kama limeumuka vya kutosha au linadanganya. Mtu wa kawaida akionja bia husema nzuri au mbaya. Mwokaji alisema kimea kimeungua kidogo, au hamira imepata joto kupita kiasi, au chupa haikusuuzwa vizuri. Hapo mwanzo, ni maneno hayo hasa yaliyowakutanisha. Kila mmoja alikuja kusikia alikokosea.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyobadilika.

Siku moja Wembe alileta bia aliyoiita ya dhahabu. Mwokaji alionja, akaweka bilauri chini.

"Wembe," akasema, "hapa uliosha sufuria ukasahau kuyamwaga maji."

Wote wakacheka, na Wembe akacheka nao. Lakini alipoondoka alichukua chupa zake, na Jumapili iliyofuata hakutokea, wala iliyofuata hiyo. Mwokaji alipokwenda kwake kunyolewa, alinyolewa bila kusemeshwa, na alipofika nyumbani mkewe akamwambia upande mmoja ni mfupi kuliko mwingine.

Ilibidi Mzee Stempu aingilie kati. Alikwenda kinyozini, akakaa kitini, akabembeleza mpaka Wembe akakubali kurudi. Lakini alirudi na sharti: mezani asisemwe mtu. Fundi Baridi, asiyependa ugomvi nyumbani kwake, alilikubali papo hapo.

"Tuseme mazuri tu," akasema. "Mabaya tumwachie mwenyewe ayagundue."

Waliliita jambo hilo sheria ya baraza. Tangu siku hiyo hapakuwa tena na kununiana. Pia tangu siku hiyo bia zao zilianza kuharibika, moja baada ya nyingine, na hilo nalo hakuna aliyelisema.

Ikafika wakati binti wa kwanza wa Fundi Baridi akachumbiwa. Dada yake Mwokaji, yaani mama wa bibi harusi, alikuwa fundi cherehani. Aliapa kwamba gauni la mwanawe halitaguswa na sindano ya mtu mwingine. Fundi Baridi naye akaapa kwamba wageni hawatakunywa bia ya dukani. Kwa hiyo nyumba moja ikawa na viapo viwili, na vyumba havikuongezeka.

Ulikuwa msimu wa baridi. Fundi Baridi alipika bia nyeusi, nzito, akaiacha ichachuke kwenye mapipa ya plastiki nyuma ya nyumba. Kwa siku za mwanzo ilitoa mapovu kama inavyotakiwa, kisha ikatulia. Akasema imemaliza.

Naomba hapa unisikilize kwa makini, maana kisa chote kimekaa kwenye jambo hili dogo. Hamira hula sukari. Ikila, hutoa kileo na hutoa gesi. Sukari ikiisha, hamira hutulia, na bia inaweza kufungwa chupani bila hofu. Lakini hamira hutulia pia ikipigwa na baridi, hata kama chakula kimejaa mbele yake, na joto likirudi huamka ikala tena, na gesi iliyofungiwa huweza kuipasua chupa. Kwa macho, kutulia kwa aina hizi mbili hakuna tofauti. Kipo kipimo cha kioo, kinachoelea ndani ya bia na kuonyesha sukari iliyobaki. Cha Fundi Baridi kilikuwa kimeanguka sakafuni kikavunjika, na yeye hakununua kingine.

"Cha nini?" alisema. "Ulimi wa shemeji yangu ni kipimo tosha."

Akaijaza bia kwenye chupa za kila namna, nyingine za bia, zenye kioo kinene, nyingine zilizowahi kuwa za sharubati, zenye kioo chembamba, akazigongea vizibo. Kule nyuma kulikuwa na wezi, kwa hiyo akaziingiza kreti kwenye chumba cha kushonea, chini ya meza ya kukatia vitambaa. Dada hakufurahi.

"Meza hii ina kazi," alimwambia mumewe.

"Ni mpaka harusi tu, mama. Chini hapo huna kazi napo."

Chumba kile kilikuwa kidogo, cha bati, na pasi ilikuwa ikiwaka humo tangu asubuhi. Kule nje watu walivaa masweta. Humo ndani Dada alishona akiwa amejifunga kanga tu juu ya blauzi nyepesi.

Jumapili iliyofuata Fundi Baridi alileta chupa ya kwanza barazani kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba kitoto kichanga. Aliibandua kizibo. Povu likaruka, likapanda, likamwagika mezani, likafuata mkunjo wa gazeti mpaka likayafikia mapaja ya Mzee Stempu.

"Ina haraka ya harusi kuliko bibi harusi," akasema Wembe, na wote wakacheka, akiwamo Mzee Stempu aliyekuwa akijipangusa suruali kwa leso.

Kilichobaki chupani kikagawanywa. Wembe akaonja kwanza.

"Kaka, hii ni bia ya watu wazima," akasema.

Mzee Stempu akaonja, akatikisa kichwa polepole. "Nzito. Mgeni akinywa hii atakumbuka alikuwa wapi."

Mwokaji akavuta funda lake. Ulimi wake ulijua kabla hajameza. Ilikuwa tamu, na si utamu wa kimea kilichokaangwa. Ilikuwa sukari mbichi, ambayo bado haijaguswa. Donge la namna hiyo kazini kwake angelirudisha kwenye beseni bila kumsemesha mtu. Akaliangalia gazeti lililolowa. Povu lile halikuwa haraka ya harusi.

Alipoinua macho alimkuta shemeji yake akimwangalia. Fundi Baridi hakuwa akitabasamu. Alikuwa amesimama, kifungua chupa mkononi, akingoja.

Mwokaji akawaza mambo kadhaa kwa mara moja. Aliwaza sheria ya baraza. Aliwaza kiti cha kinyozi na ule ukimya. Aliwaza kwamba hii si bia ya Wembe. Ni bia ya harusi ya mpwa wake, imepikwa na baba wa bibi harusi, na anayengoja jibu ni mume wa dada yake. Akaona si mahali pake, mbele za watu.

"Imefika, shemeji," akasema. "Hii imekomaa."

Fundi Baridi akashusha mabega, akacheka, akaketi.

Nakuomba, msomaji, usimhukumu haraka. Je, wewe hujawahi kuulizwa na rafiki, "Nimependezaje?" ukajibu kwa mdomo mmoja na kuwaza kwa kichwa kingine? Tofauti yako na Mwokaji huenda ni bahati tu.

Alipokuwa akiaga, dada yake alimwita kwenye chumba cha kushonea. Gauni lilikuwa limetundikwa ukutani, jeupe, bado halina mikono. Dada aliinama, akavuta kreti moja nusu.

"Mdogo wangu, hebu tazama. Vizibo hivi juzi vilikuwa bapa. Leo naona kama vimevimba. Au ni macho yangu?"

Mwokaji akachutama. Akagusa chupa. Ilikuwa na joto la mwili wa mtu.

"Nimemwuliza shemeji yako, ananiambia nishone nguo, bia nimwachie yeye," Dada akaendelea. "Wewe hamira ndiyo kazi yako. Niambie ukweli. Ziko salama hizi? Mimi nashinda humu."

Kutoka barazani ilisikika sauti ya Fundi Baridi akisimulia jinsi alivyochagua kimea. Mlango ulikuwa wazi. Mwokaji alijua kwamba akisema neno, Dada atalipeleka pale pale, na shemeji yake atajua ameambiwa uongo mezani mbele ya rafiki zake. Akaamua kwamba atamwambia Fundi Baridi mwenyewe, kesho, wakiwa wawili, kwa utaratibu.

"Ziko salama, dada," akasema. "Zifunike tu gunia zisipate mwanga."

Bia haihofii mwanga wa chumba kile. Gunia lilikuwa la kuzuia vipande vya kioo chupa ikipasuka, na yeye alijua. Mtu anayesema ukweli angesema zitoeni humu leo hii, mzifungue, gesi itoke. Yeye alitoa nusu ya tahadhari na kuificha sababu, na tahadhari isiyo na sababu haishikwi na mtu.

Kesho yake tanuri lilimsumbua. Siku iliyofuata alimpigia simu shemeji yake. Wakaongea habari za mpira, wakaongea habari za mahema ya harusi, na kila alipofungua mdomo kusema lile neno, Fundi Baridi alikuwa na neno lingine. "Haya shemeji, tutaonana," wakaagana. Mwokaji akakaa ameshika simu. Akajiambia kwamba ameonja chupa moja tu. Huenda nyingine ni nzuri.

Alhamisi mchana Dada alikuwa akipiga pasi bitana ya gauni. Kitambaa kilikuwa kirefu, kikashuka mpaka sakafuni, kikanasa kwenye kona ya kreti. Alikuwa amelitoa lile gunia, maana lilikuwa linamwaga vumbi karibu na kitambaa cheupe, na ndugu yake alikwishamwambia kwamba bia zenyewe ni salama. Akainama kukinasua kitambaa, akaisukuma kreti kwa mkono.

Chupa iliyopasuka ilikuwa moja ya zile nyembamba za sharubati. Iliyofuata ilipasuliwa na vipande vya ya kwanza. Majirani walisema walidhani ni tairi la lori.

Mwokaji alipata habari akiwa na unga mikononi. Alifika hospitali akiwa nao bado. Kwenye benchi la korido alimkuta Fundi Baridi, shati limelowa bia, akinuka kama pipa, na watu waliokuwa wakipita walimwangalia kwa dharau wakidhani amelewa. Wembe na Mzee Stempu walikuwa wamesimama ukutani. Daktari alikwisha kutoka na kusema alichokuwa nacho cha kusema: mkono utapona, uso utapona, jicho la kulia halitapona.

Kisha Mzee Stempu akasema, bila kumwangalia mtu, "Mimi niliona ni tamu mno."

"Hata mimi," akasema Wembe. "Nikadhani labda ndivyo ulivyoitaka. Na mimi kusema bia ya mtu ningeanzia wapi, baada ya fujo niliyofanya?"

Fundi Baridi akainua kichwa. "Kwani mimi sina ulimi?" akasema. Alisema taratibu, kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. "Nilionja usiku wa kuamkia Jumapili. Nikahisi utamu. Nikajiambia, labda ni mdomo wangu, nimechoka. Ngoja kesho shemeji aonje. Akisema bado, nazifungua zote. Nilikuwa nimeshaweka na ndoo tayari."

Akamgeukia Mwokaji. "Nikakuangalia. Ukasema imefika."

Mwokaji aliangalia unga uliokauka kati ya vidole vyake. Kumbe yule ambaye yeye aliogopa kumuudhi alikuwa amesimama pale na kifungua chupa mkononi akiomba aambiwe.

Harusi haikuahirishwa, Dada mwenyewe alikataa iahirishwe. Gauni lilimaliziwa na fundi mwingine, hodari, lakini mikono ya gauni ilikaa tofauti kidogo na mwili wake, na aliyejua ushonaji aliona. Mama wa bibi harusi aliketi mbele akiwa na bandeji chini ya kilemba. Wageni walikunywa soda. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Baraza ilivunjika yenyewe. Meza ilihamishiwa ndani. Mapipa ya plastiki siku hizi yanakinga maji ya mvua.

Dada alirudi kwenye cherehani kabla ya wakati alioambiwa na daktari. Mshono ulionyooka aliweza. Kilichomshinda ni tundu la sindano. Kwa jicho moja alishindwa kujua lipo mbele au nyuma ya ncha ya uzi. Alilenga hewa, mara hii na mara nyingine, kisha akaweka uzi chini na kuliangalia dirisha. Mwokaji aliliona hilo siku aliyokwenda kumjulia hali. Tangu hapo, kila alasiri akishazima tanuri, alipita kwa dada yake, akakaa kwenye kigoda, akamtungia sindano za kazi ya kesho na kuzichomeka kwa safu kwenye kipande cha sponji, nyeusi kwa nyeusi, nyeupe kwa nyeupe. Hakuombwa, wala hakushukuriwa.

Siku moja, akiwa katikati ya kazi hiyo, Dada akamwuliza akiwa amempa mgongo.

"Siku ile nilipokuonyesha vizibo. Ulikuwa unajua?"

Uzi ulikuwa mkononi mwa Mwokaji. Angeweza kusema hakuwa na uhakika, na isingekuwa uongo mtupu.

"Nilikuwa najua, dada."

Cherehani ilisimama. Mwokaji alisubiri dada yake alie, au amfukuze.

"Ungesema," akasema Dada, "mume wangu angenuna. Ninamjua. Angenuna wiki nzima, pengine mbili. Mimi ningepika, ningemtania, yangeisha." Akakanyaga cherehani. "Hilo tu ndilo uliloniepushia, mdogo wangu. Mnuno wa wiki mbili."

Hawakulizungumza tena. Lakini jioni ile alipokuwa akiaga, Dada alimwita jikoni. Sufuria ya mchuzi ilikuwa motoni. Akachota kidogo kwa mwiko, akaupuliza, akamnyooshea.

"Onja."

Mwokaji akaonja. Dada alikuwa amemgeuzia ule upande wenye jicho lililobaki, akimtazama hasa.

"Chumvi imezidi," akasema Mwokaji. "Imezidi sana. Hauliki."

Dada akachukua jagi, akaongeza maji, akakoroga.

"Kesho uje mapema," akasema. "Nina mashati ya watu."

FUNZO

Ndugu zangu, wako watakaosoma kisa hiki wakasema pombe ndiyo mbaya. Kama umeamua kutopika bia nyumbani kwako, hutapata hasara yoyote kwa uamuzi huo. Na kama unapika, usifunge chupa kabla ya kupima, usitumie chupa nyembamba, na usiweke hata moja mahali mtu anapokaa. Hayo ni mambo ya kazi, na yanajifunzika kwa siku moja.

Lakini tazameni vizuri. Ndimi nne zilionja, na zote nne zilijua, pamoja na ulimi wa mpishi mwenyewe. Ujuzi ulikuwapo mezani tele. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kusema "bado." Waliona wanalinda urafiki, na pale walipokubaliana kwamba asisemwe mtu, walikuwa wameondoa sababu yenyewe ya kukutana.

Vikao vya namna hiyo tunavyo wengi wetu, vya familia, vya ibada, vya kazini, na vingi havina hata tone la pombe. Anayekuuliza "umeonaje?" mara nyingi amekwisha kuona, na anangoja mtu wa kumpa nguvu ya kukubali alichokiona. Mwambie. Mwambie kwa adabu, mwambie faraghani kama mna faragha, lakini mwambie siku hiyo hiyo, na umweleze sababu. Atanuna. Mwache anune. Yule Mwokaji, kila alasiri akiitafuta ncha ya uzi kwenye mwanga wa dirisha, angetoa kila alicho nacho ili dada yake awe na macho mawili, na shemeji yake awe bado amemnunia.